Muulizeni Aliyekaa Benchi

Mwanangu, ubishi wenu nimeusikia wote. Kati ya chumba changu na kile kibanda cha video kuna bati moja tu, na bati halitunzi siri. Sikukasirika. Usingizi wa mtu wa umri wangu ni wa kuokoteza, na afadhali kuamshwa na vijana wanaobishana juu ya mpira wa kikapu kuliko honi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Lakini yapo maneno mliyoyasema usiku ule ambayo hadi leo hayajanitoka. Kaa kidogo. Chai ipo. Najua una haraka, nami sitakuweka hadi jioni.

Msimu ule wa 2025 nyote mlikuwa Duke, na niliwaelewa. Duke ni chuo kikuu cha mbali, huko North Carolina, lakini ndani yake alikuwamo kijana wetu. Khaman Maluach alizaliwa Sudan Kusini, familia yake ikakimbilia Uganda akiwa mdogo, akakulia Kawempe pale Kampala. Mpira wa kikapu aliuanzia Uganda, tena akiwa tayari kijana, na viatu vya mchezo vya kumtosha havikupatikana. Kutoka hapo akaenda Senegal kwenye akademia, akavaa jezi ya Sudan Kusini kwenye Kombe la Dunia la 2023 akiwa na miaka 16, kisha Olimpiki ya Paris. Mtu kama huyo akifika chuo cha Marekani, vijana wa Busia na Tororo wana haki ya kukesha.

Wala si wa kwanza kutoka pande hizi kuvaa jezi ya chuo cha Marekani. Waulize wazee wa Samia habari za Aggrey Awori. Alisoma Harvard, alikuwa mruka viunzi, na alikimbia kwa niaba ya Uganda kwenye Olimpiki ya Roma 1960 na ya Tokyo 1964. Ndugu yake, Moody, akawa makamu wa rais upande wa Kenya. Yeye Aggrey akagombea urais upande wa Uganda mwaka 2001. Tumbo moja, serikali mbili. Huo ndio mpaka wetu. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Turudi usiku ule. Nusu fainali ya mashindano ya vyuo vya Marekani, Duke na Houston, mchezo unapigwa San Antonio jioni ya Jumamosi, huku kwetu ni karibu saa kumi usiku, Jumapili ikikaribia kupambazuka. Nawe unajua mashindano yale yalivyo: timu 68, ukifungwa mara moja unafunga virago. Duke walikuwa mbele kwa pointi 6 na haijabaki hata dakika moja. Nilisikia mnaimba. Kisha nikasikia kimya. Kisha matusi. 70 kwa 67, Houston wamepita.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mmoja wenu, sauti yake naijua, akasema huyu Jon Scheyer anayefundisha Duke si kocha, afukuzwe kesho. Mwingine akasema Kocha K, aliyemtangulia, asingefungwa hivi hata akiwa amelala. Wa tatu akasema huyo Kocha K mwenyewe anasifiwa bure, alikuwa anabebwa na waamuzi. Na wa nne akamgeukia Maluach, akasema mtu wa futi 7 na inchi 2 anatokaje uwanjani bila kudaka hata ribaundi moja, na akaongeza neno ambalo sitalirudia mbele ya chai hii. Kijana yule alikuwa na miaka 18, mwanangu. Haikupita hata miezi mitatu, Juni mwaka ule ule, akachaguliwa wa kumi katika usajili wa NBA, akaangukia Phoenix Suns. Yule aliyemtukana nikamwona ameweka picha yake kwenye simu. Sikumwambia kitu.

Kilichonikaa ni ile sentensi ya "afukuzwe kesho". Ule ulikuwa msimu wa tatu wa Scheyer. Msimu wa tatu tu, na alikuwa ameshinda michezo 35 na kufungwa 4. Sasa nikueleze msimu wa tatu wa huyo Kocha K mnayemlinganisha naye. Jina lake kamili ni Mike Krzyzewski; mimi siwezi kulitamka, na sidhani Wamarekani nao walimfupisha kwa mapenzi tu.

Alifika Duke mwaka 1980 akitokea chuo cha jeshi, na msimu wake wa mwisho huko alishinda michezo 9 akafungwa 17. Nani anaajiri mtu kama huyo? Duke wakamwajiri. Msimu wa kwanza akashinda 17, akafungwa 13. Wa pili, akashinda 10, akafungwa 17. Wa tatu, akashinda 11, akafungwa 17, na msimu wenyewe ukaisha kwa kupigwa na Virginia 109 kwa 66. Pointi 43 katika mchezo mmoja! Wafadhili wa chuo wakataka aondoke, kwa sauti ile ile niliyoisikia mimi kupitia kwenye bati. Mkuu wa michezo pale aliitwa Tom Butters. Mwaka uliofuata, 1984, kelele zikiwa bado hazijatulia, Butters alimwongezea mkataba.

Mengine mnayajua, maana mnayakariri. Makombe matano: 1991, 1992, 2001, 2010 na 2015. Michezo 1,202 aliyoshinda hadi anastaafu 2022, baada ya misimu 42 pale Duke. Dhahabu tatu za Olimpiki akiwa kocha mkuu wa timu ya taifa ya Marekani. Na Scheyer huyu mliyetaka afukuzwe alikuwa mchezaji wake kwenye kombe la 2010. Hata hivyo mzee huyo aliyedaiwa kwamba asingefungwa akiwa amelala, alifungwa na Lehigh mwaka 2012 na Mercer mwaka 2014, vyuo ambavyo vijana wa Marekani wenyewe walilazimika kuvitafuta kwenye ramani.

Lakini sikukuita nimsifu Krzyzewski. Anao wa kumsifu, na analipwa pensheni. Nimekuita kwa ajili ya Butters, kwa sababu mimi niliwahi kukaa kwenye kiti kama chake, nikafanya kinyume.

Miaka ya tisini nilikuwa katika halmashauri ya shule moja ya sekondari upande huu wa Kenya. Siitaji, bado ipo na watoto wanasoma vizuri. Kocha wa mpira wa kikapu alikuwa mwalimu wa kemia. Uwanja ulikuwa wa murram, na mvua ikinyesha mpira haudundi, unatua tu. Kulikuwa na rimu mbili. Moja ilichomelewa na fundi wa jua kali na ilikuwa imeinama kidogo upande wa kulia. Vijana wetu waliizoea hivyo hivyo, wakajifunza kuilenga ilivyo. Wakienda ugenini, kwenye rimu zilizonyooka, walikosa.

Mwalimu yule alikuwa na vijana kumi na wanne. Wanaoanza ni watano, hilo unalijua. Lakini mazoezini aliwachezesha wote muda sawasawa, akitazama saa yake ya mkononi. Na siku ya mchezo, aliyekaa benchi hakukaa bure. Alipewa daftari la mistari na rula, achore safu nne: jina, pointi, ribaundi, makosa. Kila mpira ukidakwa, anaweka alama. Mchezo ukiisha, mwalimu hakuanza na nahodha. Alikaa kwanza chini ya mti na yule mwenye daftari, akamuuliza, umeona nini? Nasi wazee tuko kando tumevaa makoti, tunatazamana. Tumefungwa, na kocha anasoma daftari na mtoto ambaye hakugusa hata mpira.

Msimu wa kwanza tulitolewa wilayani. Wa pili vilevile. Wa tatu tulifungwa na shule ambayo haikuwa na jezi. Walicheza na fulana zao za nyumbani, namba zimeandikwa kwa makaa mgongoni.

Mkutano uliofuata nilisimama. Wakati huo nilikuwa na sauti, na nilipenda kuisikia. Nikasema shule haiwezi kula daftari. Watu wakacheka, na mtu akichekewa utani wake mara moja hunogewa. Nikaendelea. Tulipotoka mle ndani, mwalimu wa kemia alikuwa amebaki na kemia.

Kocha aliyekuja baada yake alijua watu. Akaleta vijana wawili kutoka ng'ambo ya mpaka. Mmoja alikuwa na ndevu ambazo mimi mwenyewe sikuwahi kuziotesha. Tukamwandikisha kidato cha pili. Mamluki, naam. Neno hilo tulikuwa nalo hata sisi, na tulilitumia sana kuwasema wenzetu. Waliokuwa kwetu tuliwaita vipaji. Kombe la wilaya tukalibeba, tukazunguka nalo mjini juu ya pikapu, mimi nikiwa mbele karibu na dereva. Tukaenda mkoani. Huko mtu mmoja, mtaratibu tu, akaomba kuona vyeti vya kuzaliwa.

Tuliondolewa siku hiyo hiyo na tukafungiwa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo huwa siisemi. Nafasi mbili za wale mamluki zilitoka wapi? Timu ina idadi. Zilitoka kwa vijana wawili wa benchi, na mmoja wao alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Tororo, niliyemleta mimi mwenyewe kusoma huku. Siku aliyoambiwa jezi inahitajika, aliifua, akaikausha, akaikunja, akaipeleka ofisini. Hakunilaumu. Nilikuwa mlezi wake, na nilikuwa mjumbe wa halmashauri, na nilikuwa kwenye ile pikapu. Angeniambia nini?

Leo anabadilisha fedha hapa mpakani. Shilingi hizi kwa shilingi zile. Siku moja nilikaa naye kivulini pale karibu na forodha, nikaona daftari lake la kazi. Limepigwa rula. Safu nne. Kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, bei, jina. Kila alama imenyooka. Wenzake wanaandika viganjani na kugombana jioni. Nikamuuliza nani alikufundisha kuandika hivi. Akacheka tu, akaendelea kuhesabu.

Ndiyo maana nikikusikia unabishana juu ya kocha, fulani ni mkubwa, fulani si kitu, ninatamani nikuulize: umemuuliza nani? Mmeyauliza makombe. Mmewauliza nyota. Nyota atamsema vizuri kocha wake, kwa nini asimseme? Alipewa mpira. Muulizeni aliyekaa benchi. Huyo hakumletea kocha chochote. Hakumfungia pointi, hakumpandishia mshahara, jina lake halikuandikwa gazetini. Namna kocha alivyomtendea huyo, hiyo haikuwa biashara.

Utaniambia: mzee, hayo ni mambo ya shule za vijijini, wakubwa hawapimwi hivyo. Basi tumchukue mkubwa. Bob Knight, kocha wa Indiana. Huyu ndiye aliyemfundisha Krzyzewski mwenyewe, alipokuwa mchezaji wa chuo cha jeshi miaka ya sitini. Makombe matatu: 1976, 1981, 1987. Mwaka ule wa 1976 timu yake ilicheza michezo 32 ikashinda yote 32, na tangu hapo hakuna timu ya chuo ya wanaume iliyomaliza msimu na kombe bila kufungwa hata mara moja. Tena hakununua wachezaji, na alitaka wasome wamalize digrii. Wanaompenda wana sababu, usiwadharau.

Na huyo huyo mwaka 1985 alirusha kiti uwanjani katikati ya mchezo. Hicho watu hukicheka, kina video. Kisichochekesha ni kile cha mazoezini. Mwaka 1997 alimkaba mchezaji wake, Neil Reed, shingoni. Reed alipokuja kusema, wengi hawakumwamini. Mashabiki walimwita mwongo na msaliti wa timu. Kisha mwaka 2000 ukatokea mkanda wa video wa mazoezi yale, na mkono uko shingoni. Mwaka ule ule, baada ya kisa kingine na mwanafunzi, chuo kikamfukuza Knight. Unajua wanafunzi walifanya nini? Waliandamana usiku, wakimtetea kocha.

Reed alikwenda zake. Akawa mwalimu na kocha katika shule ya sekondari huko California. Alifariki mwaka 2012, moyo, akiwa na miaka 36. Knight alirudi kwenye ukumbi wa Indiana mwaka 2020, mzee, akapigiwa makofi na ukumbi mzima, na alifariki Novemba 2023. Kila msimu wa mashindano ubishi wake unafufuka: alikuwa mkubwa, hapana, alikuwa mkatili. Mimi nasema alikuwa fundi wa mpira kuliko karibu wote, na hakustahili kuachiwa watoto wa watu. Yote mawili ni kweli, na moja haliliondoi jingine. Makombe matatu hayatoshi kununua shingo moja. Ukitaka kubishana nami juu ya hilo, bishana, lakini nianzie kwa Reed, usinianzie kwa lile kombe la 1976.

Wala usidhani wapole ndio hawana doa. John Wooden wa UCLA anatajwa kama mtakatifu. Alianza pale mwaka 1948, na kombe la kwanza likaja 1964. Hesabu mwenyewe. Miaka 16! Leo mngekuwa mmemfukuza mara tano. Kisha akachukua kumi ndani ya misimu 12, na upande wa wanaume hakuna aliyemfikia. Kila mwaka siku ya kwanza aliwafundisha vijana wake kuvaa soksi, watu wazima wa futi sita na saba, wakae chini wazinyooshe soksi zisilete malengelenge. Hilo ninalipenda mno. Lakini miaka ile ile kulikuwa na tajiri mmoja, Sam Gilbert, aliyekuwa akiwapa wachezaji zawadi zisizoruhusiwa, na chuo kikaja kuadhibiwa Wooden akiwa ameshastaafu. Wooden alijua? Alifumba macho? Watu wanabishana hadi kesho. Mimi niliyemwandikisha mwenye ndevu kidato cha pili najua kitu kimoja kuhusu kufumba macho: huwa mtu anajua hasa anapoyafumba.

Sasa nikurudishe karibu. Pale Iten kuna Mwairishi mmoja, Bruda Colm O'Connell. Alikuja 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Riadha hakuwa amesomea. Akaanza kuwatazama watoto wanavyokimbia, akauliza, akajifunza mbele yao. Kutoka mikononi mwake akatoka Peter Rono aliyechukua dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988, kisha Wilson Kipketer, kisha Vivian Cheruiyot, kisha David Rudisha, ambaye alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012 na dunia bado haijamfikia. Hilo la Rudisha lilitokea miaka 36 baada ya bruda kushuka kwenye gari pale Iten. Mhogo ukiufukua kila wiki kuona umefikia wapi, hutaula mhogo huo. Shule ile ilimwacha udongoni.

Wewe una haraka, na sikulaumu kwa hilo. Simu yako inakuletea kocha wa leo, kufukuzwa kwake kesho, na mwingine keshokutwa. Kampuni za kubeti nazo zinataka uamue sasa hivi, kabla ya mapumziko, na ninyi mnatuma hela ya nauli. Hiyo nitaisema siku nyingine, tena mbele ya mama yako. Lakini kwa kocha, jipe miaka. Msimu wa mashindano ndio wakati mbaya kuliko wote wa kumpima mtu. Wote waliofungwa wanaonekana wajinga, na aliyebaki mmoja anaonekana nabii.

Tena mna bahati, maana huhitaji kukesha kwa ajili ya Texas ili ujifunze haya. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki Agosti 2024 ilichezwa Bukedea na Mbale, mtu wa Tororo anafika na kurudi siku hiyo hiyo. Agosti 2025 ikaja Kakamega, tena ni pua na mdomo kutoka hapa. Siku hizo mpaka huu hujaa mabasi ya watoto wenye jezi, wanaimba kwa lugha zote. Ukienda kutazama, usikae nyuma ya goli wala mahali penye kelele. Simama nyuma ya benchi. Angalia kocha anapomtoa mtoto aliyekosea: je, anampa maji au anampa mgongo? Angalia dakika za mwisho, timu ikiwa imeshashinda kwa mbali, kama wale watatu wa mwisho wataingizwa au wataachwa na fulana za kupashia moto mwili hadi filimbi. Angalia nani anabeba mipira baada ya mchezo, na kama anashukuriwa kwa jina lake. Utajua mengi kabla hata hujauliza matokeo.

Na kama kuna kocha shuleni kwenu ambaye hajaleta kombe, na wazazi wanaanza kunong'ona, usiongeze sauti yako kabla ya kuwauliza wale wa benchi. Wakikuambia anawatukana, anawapiga, basi sema kwa nguvu zote, hata kama kabati limejaa makombe. Wakikuambia anawafundisha, nyamaza, umngojee. Ukihukumu kwa haraka kama nilivyohukumu mimi, hutaambiwa siku ile ile kwamba umekosea. Mimi nilichelewa miaka mingi kujua, na nilijua kwa kuona daftari la mbadilisha fedha.

Nilikwenda kumwomba radhi mwalimu wa kemia. Alikuwa ameshastaafu, anafuga kuku kule Matayos. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Akanisikiliza hadi mwisho, akamfukuza jogoo aliyekuwa akiparua karibu na miguu yangu, kisha akaniuliza kama ile rimu ilinyooshwa. Nikamwambia haikunyooshwa, iling'olewa siku walipojenga bweni. Akasema ni vizuri, ilikuwa inawaharibu watoto. Basi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe, na mimi sikuona kwamba nina haki ya kumsukuma aseme.

Jumamosi naenda kumwona tena, na mpwa wangu anafunga kazi mapema tufuatane. Tumekodi Probox, kuna nafasi moja nyuma. Njoo, umuulize mwenyewe habari za msimu wa tatu. Na umletee sukari kilo mbili. Safari za kwenda mikono mitupu nimezimaliza mimi.